Debe Lisilochoka

Basi likisimama Segera, harufu ya mahindi ya kuchoma huingia dirishani kabla wauzaji wenyewe hawajafika. Ni harufu ya maganda mabichi yaliyoungua kidogo, moshi wa mkaa, na ule utamu wa punje changa zinapopasuka. Abiria wenzangu huanza kutafuta chenji. Mimi hugeuka kuangalia upande wa wauza machungwa, kisha hukumbuka kwamba machungwa nayo yamo katika kesi hiyo hiyo, nikaishia kununua maji.

Usidhani, msomaji wangu, kwamba nina maradhi ya tumbo. Nina kisa tu, na kisa chenyewe nimekuwa nikikisimulia vibaya kwa miaka mingi, mbele ya watu wazima, huku nikilipiwa nauli.

Kazi yangu, kwa wasionifahamu, ni kuwafundisha walimu namna ya kuwafundisha watoto maadili na kufanya maamuzi mema. Nina shahada mbili za kuthibitisha kwamba ninajua jambo hilo. Nina pia kalamu za rangi nne za kuandikia kwenye karatasi kubwa za ukutani, na sauti ya upole ambayo watoto wangu wananiambia nisiitumie nyumbani. Na kila semina huianza kwa kisa cha debe.

Nilisoma shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Handeni, kando ya njia ya kwenda Korogwe, mahali ambapo mvua ilikuwa kama ndugu wa mjini: huahidi kuja, kisha hutuma salamu. Shule ilikuwa na shamba la mahindi nyuma ya vyoo, na mahindi yale ndiyo yaliyokuwa uji wetu wa saa nne. Adui wa uji wetu alikuwa nyani. Walikaa kwenye kilima cha mawe na miti ya miba, na mahindi yalipoanza kutoa ndevu walishuka kwa mpango, madume mbele, mama na watoto mgongoni nyuma, kama ukoo unaokwenda arusini.

Kwa hiyo kulikuwa na zamu. Wanafunzi wawili wawili walikaa juu ya dungu, yaani kile kitanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo nne, wakalinda kuanzia asubuhi mpaka jua lipoe. Silaha yao ilikuwa debe tupu la mafuta ya kupikia na kipande cha mti. Debe lile lilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwatisha nyani. Ya pili, ambayo haikutajwa ila kila mtu aliijua, ilikuwa kuwaambia walimu kule madarasani kwamba walinzi hawajalala. Likinyamaza muda mrefu, Mwalimu Mhina alitoka mlangoni, akashika kiuno, akatazama upande wa shamba. Sisi tuliokuwa tumekaa darasani tulijua leo kuna mtu na bahati yake.

Mwalimu Mhina alikuwa mwalimu wetu wa darasa la sita. Alikuwa mrefu na mwembamba, na mifuko ya suruali yake ilikuwa myeupe daima kwa vumbi la chaki. Kila Alhamisi, kipindi cha mwisho, alifunga vitabu vyote na kuanza kile alichokiita kipindi cha kuamua. Hakikuwemo kwenye ratiba ya serikali. Alikitunga mwenyewe.

"Umetumwa chumvi," alisema siku moja. "Njiani umemkuta mbuzi wa jirani amenasa kwenye miba. Mama anangoja chumvi, mboga iko motoni. Unafanya nini?"

"Tunamsaidia mbuzi, Mwalimu!" tuliitikia kwa pamoja.

"Na mboga?"

Kisha mtu wa dawati la nyuma akasema, "Tunamsaidia haraka haraka, Mwalimu."

Tulicheka, naye alicheka. Lakini jibu hakulitoa. Hakuwahi kutoa jibu hata siku moja, na tulipomwomba alisema maneno ambayo mpaka leo nayaandika kwenye karatasi za ukutani kwa kalamu ya bluu: "Jibu langu litakusaidia nini? Siku hiyo mimi sitakuwepo."

Mimi nilikuwa bingwa wa kipindi cha kuamua. Nilijua kunyoosha mkono kwa unyenyekevu, kusubiri wengine wakosee, kisha kusema jambo lenye pande mbili. Wanaonifahamu watasema sijabadilika.

Dawati langu niliketi na Nashipai. Alikuwa msichana pekee wa Kimasai pale shuleni. Tuliwaita Wamasai watu wote wenye ng'ombe na mashuka, bila kuuliza zaidi. Mwalimu Mhina alikuwa amekwenda mara tatu kwa baiskeli mpaka bomani kwao kumwomba baba yake, Mzee Saruni, amruhusu asome, na mzee alikuwa amekubali kwa namna ya mtu anayeazimisha kitu anachokipenda. Nashipai alizungumza kidogo. Lakini alisikia mno. Alikuwa akisema, "Baiskeli ya Mwalimu," na sisi hatujasikia kitu, kisha baada ya muda mrefu baiskeli inatokea. Tulikuwa na penseli moja, tukaikata katikati kwa wembe. Nusu yenye kifutio nilibaki nayo mimi, kwa kuwa wembe ulikuwa wangu.

Sasa nije kwenye uvumbuzi. Ulikuwa wangu, na ninautaja kwa fahari ambayo bado haijaisha yote. Mwenzangu wa zamu alikuwa Mwanahawa, binti wa baba yangu mdogo, mtu mvivu mwenye akili, na uvivu wake ndio ulionichochea. Handeni mchana kuna upepo. Tulilifunga debe kwenye tawi la mgunga kando ya dungu, tukaning'iniza kipande cha mti kwa kamba ya katani, na kwenye ncha ya chini ya kipande kile cha mti tukafunga kipande cha jamvi bovu ili kishike upepo. Upepo ukivuma, jamvi linayumba, mti unagonga debe. Ngo. Ngo-ngo. Ngo. Zamu ya kwanza tulilala usingizi mzuri juu ya dungu, na jioni Mwalimu Mhina akatusifu kwa bidii.

Zamu ya pili ilikuwa Jumatatu. Saa sita hivi, mtoto mmoja alipita mbio akipiga kelele kwamba lori la machungwa limenasa kwenye mchanga barabarani, na dereva anampa chungwa kila anayeleta matawi ya kuweka chini ya matairi. Nilimtazama Mwanahawa, Mwanahawa akatazama debe. Debe lilikuwa likilia vizuri kabisa.

"Lenyewe linalinda," alisema. "Twende, tutarudi sasa hivi."

Tulirudi jua likiwa limeinama, vidole vikinukia maganda, na kila mmoja machungwa matatu kifuani. Debe lilikuwa bado likilia. Chini yake kabisa, dume moja la nyani lilikuwa limekaa likimenya hindi kwa utaratibu. Lilitazama juu kwenye debe, likatutazama sisi, kama abiria anayeulizwa tiketi akiwa nayo mkononi. Nyuma yake ukoo mzima ulikuwa mezani.

Walikuwa wameangusha upande wote unaopakana na njia ya lambo, lile bwawa la kunyweshea mifugo. Tuliwafukuza, na hapo ndipo tulipofanya jambo ambalo kwenye semina zangu hulisema haraka haraka. Tuliokota magunzi na maganda yote yaliyotafunwa, tukayabeba kwa kanga ya Mwanahawa, tukayatupa kwenye shimo la choo. Tukavunja kile kipande cha mti. Kamba tuliisahau kwenye tawi.

Asubuhi yake shule nzima ilisimama kandoni mwa shamba. Hakukuwa na gunzi hata moja. Kulikuwa na mabua yaliyolala na, kwenye njia, alama za kwato, kama zilivyokuwepo kila siku ya Mungu, maana ng'ombe wa Mzee Saruni walipita pale kwenda kunywa maji.

"Debe lililia mchana kutwa," alisema Mwalimu Mkuu. "Mimi mwenyewe nililisikia nikiwa ofisini. Penye debe nyani hasogei. Hawa ni ng'ombe." Kisha akatugeukia. "Mlipiga debe, hamkupiga?"

"Debe lililia mchana kutwa, Mwalimu," nilisema.

Ona jibu hilo lilivyo safi. Hakimu yeyote angelipokea. Ndilo jibu langu bora kabisa la kipindi cha kuamua, na halikutolewa siku ya Alhamisi.

Kikao cha kamati ya shule kilifanyika Jumatano alasiri ndani ya darasa letu, na sisi walinzi tuliamriwa kuhudhuria kama mashahidi. Nashipai aliruhusiwa kukaa kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumtoa. Wazee walijibana kwenye madawati yetu, magoti yakiwa karibu na videvu, na kofia zao wakaziweka pale tulipoweka daftari. Mzee Saruni alikataa kukaa. Alisimama karibu na ubao, fimbo mkononi.

"Mzee wangu," alisema mwenyekiti, mtu wa kijiji aliyependa kusikika, "ng'ombe hana darasa. Akiona kijani haulizi ni cha nani. Hatukulaumu wewe, tunalaumu ng'ombe."

"Ng'ombe wangu hawajala," alisema Mzee Saruni.

"Walinzi walikuwepo, debe lililia. Sasa nani kala? Upepo?"

Wazee walicheka. Mwanahawa alinifinya paja kwa nguvu mpaka nikauma mdomo.

Mwalimu Mhina alikuwa amekaa nyuma kabisa. Nilipogeuka, hakuwa akiwatazama wazee. Alinitazama mimi, muda mrefu, na mimi nikafikiri ananionea huruma kwa uchovu.

"Mnataka nini?" aliuliza Mzee Saruni.

Walitaka mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Mzee alihesabu jambo moyoni ambalo halikuwa ng'ombe.

"Nitatoa," alisema. "Mimi sitaki ugomvi na watu ninaokunywa nao maji. Lakini mtoto wangu anarudi nyumbani. Mwalimu huyu alikuja kwangu mara tatu. Aliniambia, shule inafundisha mtu kusema kweli. Mimi nimesema kweli leo, hapa, ndani ya shule. Mmeona nimepata nini."

Alitamka neno moja kwa lugha yake, na Nashipai akasimama. Alichukua daftari lake, akafika mlangoni, kisha akarudi mpaka dawatini petu, akaniwekea nusu yake ya penseli mbele yangu. Akaniambia maneno machache kwa sauti ya chini. Maneno hayo ndiyo ninayoyaruka kila nikisimulia, na niruhusu niyaruke tena kwa muda. Yalitosha kunijulisha kwamba anajua.

Siku nne zilizofuata sikula vizuri, na watu wa semina hupenda sana sehemu hii, kwa sababu wanadhani ni dhamira. Ilikuwa hesabu. Anajua. Akimwambia baba yake, baba yake atarudi na fimbo. Nikisema mimi kwanza, nitachapwa kidogo. Akisema yeye, nitachapwa sana na nitakuwa mwongo mpaka darasa la saba. Nilimweleza Mwanahawa.

"Ukisema," alinijibu, "mimi nitasema ulikuwa peke yako, na machungwa uliyala wewe."

"Yote sita?"

"Una tumbo."

Jumatatu mapema nilikwenda ofisini. Mwalimu Mhina alikuwa peke yake, akipanga chaki kwenye boksi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Zaina. Karibu."

Nilisema yote kwa pumzi moja: lori, debe, jamvi, nyani, choo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kabati, akatoa kamba ya katani iliyokuwa na fundo langu, lile la kufungia mbuzi alilonifundisha bibi yangu, akaiweka mezani.

"Nilikuwa nakungoja," alisema.

Hakunichapa. Alinipakia nyuma ya baiskeli, tukaenda bomani kwa Mzee Saruni ili nikaseme mwenyewe. Njia ilikuwa ndefu na kiti cha nyuma kilikuwa chuma kitupu. Nilikuwa nikijipangia maneno. Tulipofika, ua wa miba ulikuwa wazi. Nyumba zilikuwa zimebomolewa fito, samadi ilikuwa bado na unyevu, na jivu la jiko lilikuwa limemwagwa kwa adabu pembeni. Kwato zilielekea magharibi. Mama mmoja aliyekuwa akichanja kuni karibu alituambia wamehama jana alfajiri.

"Upande gani, mama?" aliuliza Mwalimu.

"Upande wenye majani, mwanangu. Wao huwa hawaagi kwa ramani."

Mwalimu Mhina alisimama katikati ya boma akiwa ameishika baiskeli kwa mikono miwili. Nilimwona akijipapasa mfuko wa suruali, kama mtu anayetafuta chaki. Kurudi hatukupanda. Aliikokota baiskeli njia nzima na mimi nikamfuata nyuma, mpaka tulipoliona paa la shule. Hapo alisema, kama anayezungumza na usukani, "Nilidhani utasema siku ile ile."

Kesho yake, mstarini, alinisimamisha mbele ya shule. Alieleza kosa langu, kisha akasema kwamba kukiri bila kulazimishwa ndiyo elimu yenyewe. Akawaambia wanipigie makofi matatu. Pa, pa, pa. Mwanahawa alipiga kwa nguvu kuliko wote. Kamati iliagiza mtamba arudishwe, lakini hapakuwa na wa kurudishiwa. Alibaki, akazaa, na mwaka uliofuata uji wetu ulikuwa na maziwa.

Hapo ndipo kisa changu huishia kwenye semina: mstarini, kwenye makofi. Boma tupu siliweki. Maziwa siyataji. Nimewahi kukisimulia kwenye usaili wa kazi, na kazi nikapata.

Juzi nilikuwa Korogwe, kwenye ukumbi wa chuo wenye feni moja inayofanya kazi, mbele ya walimu wa wilaya. Nilisimulia. Nilipofika kwenye makofi walipiga makofi, kama kawaida. Kisha mwalimu mmoja kijana wa huko Dindira, aliyekuwa bado amevaa sweta lake la milimani katika joto lile, akanyoosha mkono.

"Samahani, mama. Ile kamba mwalimu wenu aliipata lini?"

"Jioni ile ile ya Jumatatu, nadhani. Alipita shambani."

"Kwa hiyo kwenye kikao alikuwa nayo."

Nilifunua kalamu ya bluu, nikaifunika. "Alikuwa nayo," nilisema.

"Na yule mtoto mwingine, alirudi shule?"

"Hapana."

"Ahsante, mama." Akakaa, akaandika kitu kwenye daftari lake. Ningetoa nauli yangu ya kurudi kukisoma.

Mwalimu Mhina alikuwa mtu mwema, na sijapata kumwona mwalimu aliyetuheshimu kama yeye. Aliamini kwamba ukweli ukivutwa kutoka kwa mtoto si wake tena, ni wa aliyeuvuta. Nami naamini hivyo, na nitaendelea kufundisha hivyo. Lakini siku ile darasani kulikuwa na watoto wawili, na alimngoja mmoja kwa kutumia siku za mwingine. Kamba ilikuwa kabatini, hatua ishirini kutoka pale, wakati Mzee Saruni amesimama karibu na ubao. Mwalimu alikuwa akiniachia mimi nafasi ya kuamua. Nadhani alilijua hilo alipokuwa akiikokota baiskeli. Mimi imenichukua nywele zangu za kwanza za mvi, na swali la mtu mwenye sweta.

Na kuna jambo dogo zaidi. Kikao kile kilituuliza sisi walinzi, kikamuuliza Mwalimu Mkuu, kikaulizia hata ng'ombe. Hakuna aliyemuuliza Nashipai, aliyekaa dawati la mbele kabisa, na ambaye ndiye mtu pekee katika shule nzima aliyekuwa amelisikiliza debe kweli. Mimi nilikuwa nimekaa naye, bega kwa bega.

Aliiweka penseli mbele yangu. Hakuwa na hasira. Alisema kama alivyozoea kusema baiskeli inakuja.

"Mtu akipiga debe huchoka," alisema. "Lile halikuchoka."

Kisha akamfuata baba yake. Kikao kilipokwisha niliziunganisha zile nusu mbili juu ya dawati. Yangu ilikuwa imekwisha karibu na kifutio. Yake ilikuwa bado ndefu. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuandika.